Tusinunue Tairi kwa Macho



Naomba nafasi katika sehemu yetu ya Kiswahili niseme machache juu ya jambo ambalo sijaliona likiandikwa katika gazeti hili la shule, nalo ni tairi za motokaa. Najua wako watakaocheka. Watasema, "Huyu hana hata baiskeli, tairi zamhusu nini?" Ni kweli, sina. Lakini katika bweni letu hazipiti siku tatu bila mabishano juu ya Subaru, na wengi wetu tutakapomaliza masomo na kupata kazi, kitu cha kwanza tutakachokitamani baada ya shati zuri ni motokaa ya kasi. Tena ninayo sababu nyingine ya kuandika, ambayo nitaieleza mbele, wala si sababu ya kujivunia.

Rai yangu ni hii. Mtu anayebadilisha tairi za motokaa yake ya kasi yampasa aanze na barabara anayoipita kila siku. Baada ya hapo asome kibandiko cha mlango wa dereva, kisha aangalie tarehe ya tairi. Uzuri na uje mwisho. Vijana wa siku hizi twaanza na uzuri, na mara nyingi fedha hutuishia hapo hapo.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Kampala. Miaka miwili iliyopita alinunua Subaru Impreza yenye injini ya lita 2.0, iliyokuwa imetumika Japani kabla ya kuletwa Uganda. Ilifika na rimu za inchi 16, na kibandiko cha mlangoni kilisema 205/55R16. Lakini kaka aliitaka ifanane na STI, ile Impreza yenye nguvu zaidi ya umbo hilo hilo, ambayo ilitoka kiwandani na tairi pana za 245/40R18. Akapata rimu za inchi 18, nyeusi, zenye kung'aa. Kwa kuwa nasoma fizikia, akaniandikia kuniuliza kama tairi za 225/40R18 zingeikubali gari yake.

Hapa niwaeleze wenzangu namba hizo, maana wengi huzitaja bila kuzijua. Katika 205/55R16, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi, kikihesabiwa kwa asilimia ya ule upana. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, zikitoka ukingo mmoja mpaka wa pili, kama zilivyo tairi karibu zote za motokaa ndogo leo. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Basi chukua kalamu. Asilimia 55 ya 205 ni milimita 112.75. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo zidisha kwa mbili, upate 225.5. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406.4. Jumla ni milimita 631.9, nacho ndicho kipenyo cha gurudumu zima.

Nilifanya hivyo hivyo kwa tairi alizozitaka kaka. Asilimia 40 ya 225 ni 90, mara mbili ni 180. Rimu ya inchi 18 ni milimita 457.2. Jumla ni 637.2. Tofauti ni milimita 5.3 tu, haifiki hata asilimia moja. Nikamwandikia kaka: "Zinafaa." Nikajiona bingwa.

Hesabu ile haikuwa na kosa, tena ni ya lazima. Mtu akitia tairi zenye kipenyo kikubwa kuliko kilichokusudiwa, saa ya mwendo humdanganya. Kwa mfano, tairi ya 215/60R16 ina kipenyo cha milimita 664.4, yaani imezidi ile ya kaka kwa asilimia tano. Gari ikionyesha kilomita 100 kwa saa, kwa kweli inakwenda 105. Tena tairi kubwa mno hukwaruza madigadi usukani ukikatwa sana au gari ikibeba watu wengi. Wenye kujua husema tofauti isizidi asilimia tatu, nami naona ni vema isifike hata mbili.

Kosa langu lilikuwa kwamba niliangalia jumla, sikuangalia sehemu zake. Ubavu ulitoka milimita 112.75 ukawa 90. Tulipoteza karibu milimita 23 za mpira na upepo, na mpira na upepo ule ndio springi ya kwanza ya motokaa. Gurudumu likigonga shimo, ubavu hujikunja na kupokea pigo kabla halijafika kwenye chuma. Ubavu ukiwa mfupi, pigo hufika kwenye rimu upesi, na tairi hubanwa kati ya chuma na ukingo wa shimo mpaka nyuzi zake za ndani zikakatika. Katika mji wenye lami laini jambo hilo laweza kungoja. Kwetu, ambako mtu huiacha lami na kuingia njia ya murramu ili kufika nyumbani kwa wazazi, halikungoja hata mwezi. Rimu moja ilipinda. Fundi akaigonga nyundo ikanyooka kiasi, na ubavuni mwa tairi ukabaki uvimbe mdogo kama yai la njiwa. Leo najua kwamba tairi yenye uvimbe ni ya kutupwa siku hiyo hiyo, kwani nyuzi zimekwisha kukatika. Siku ile tuliuita uvimbe huo "alama ya safari," tukacheka.

Kosa la pili lilikuwa la fedha. Rimu zilikula sehemu kubwa ya akiba ya kaka, na zilizobaki zilitosha tairi zilizokwisha kutumika nchi nyingine. Alipata nne, mbili za namna moja na mbili za namna nyingine. Meno yake yalikuwa marefu. Tuliyaona meno, tukafurahi, kama mnunuzi wa ng'ombe anayetazama pembe tu.

Siku ya wazazi kaka alikuja nayo hapa shuleni. Wanafunzi waliizunguka kama nyuki. Mzee anayeendesha gari la misheni, ambaye ameshika usukani tangu kabla ya sisi kuzaliwa, naye akaja. Hakuitazama rangi, hakuitazama injini. Aliinama, akabonyeza tairi ya mbele kwa ukucha wa kidole gumba, akasema, "Wanangu, mpira huu umekauka kama ngozi ya ngoma. Mvua ikija mtaniambia." Tukamwitikia, "Ndiyo, Mzee," kwa heshima, na alipokwisha kwenda zake tukatazamana na kutabasamu.

Mvua ilikuja mwezi wa Aprili. Tulikuwa tukielekea Masaka, mimi nimekaa mbele pembeni mwa kaka. Mwendo haukuwa wa kushangaza. Saa ilionyesha 70. Katika mteremko mmoja wenye kona, bwana mmoja alikuwa akisukuma baiskeli yake yenye madebe mawili ya maziwa pembeni mwa lami. Kaka alikanyaga breki, akakata usukani. Usukani uligeuka, magurudumu yaligeuka, lakini gari haikugeuka. Ilikwenda mbele moja kwa moja kama sabuni juu ya bamba la bati, ikatoka nje ya lami, ikaipiga baiskeli na yule bwana pamoja nayo. Hakufa, tunamshukuru Mungu. Mguu wake wa kulia ulivunjika chini ya goti. Nakumbuka maziwa yalivyotiririka juu ya lami pamoja na maji ya mvua, na yule bwana akiuliza kwa sauti ndogo kama madebe yote mawili yamemwagika.

Kaka alimpeleka hospitali na kulipa gharama zote, na baiskeli pia. Lakini miezi minne mtu yule hakuweza kupeleka maziwa, na ana watoto wanaosoma kama sisi. Wazee wetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mara hii aliyevunjika guu si yule aliyekataa kusikia. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Fundi alipoikagua gari alisema breki zilikuwa nzima kabisa. Nilishangaa, mpaka nikafikiri. Breki huzuia gurudumu. Kinachozuia gari ni tairi. Gari nzima, na watu wake na mizigo yake, hushikamana na barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja karibu sawa na kiganja cha mkono. Vipande hivyo visiposhika, injini bora na breki bora hazina la kufanya.

Ndipo nilipochuchumaa nikasoma ubavu wa tairi za mbele. Baada ya herufi DOT kuna mlolongo wa herufi na namba, na mwisho wake tarakimu nne. Hizo zilisema 2311. Maana yake ni juma la 23 la mwaka 2011. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 huandikwa hivyo, tarakimu mbili za juma na mbili za mwaka. Zile zilikuwa na zaidi ya miaka kumi. Kampuni ya Michelin hushauri tairi ikaguliwe kila mwaka ikipita miaka 5 ya kutumika, na ikifika miaka 10 tangu kutengenezwa ibadilishwe, hata kama meno yake bado marefu. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa. Hukauka, ukapoteza ule ulaini unaoshika lami yenye maji. Nimesoma fizikia kwa miaka mingi, na sikusoma tarakimu nne zilizokuwa mbele ya macho yangu.

Tairi za nyuma nazo zilikuwa na hadithi yake. Ubavuni mlichorwa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake ua la theluji. Hiyo ni alama ya tairi za nchi za baridi. Motokaa nyingi hutujia kutoka Japani, ambako mikoa mingi hupata theluji nyingi, na baadhi ya tairi hizo huja pamoja nazo zikiwa zimeandikwa STUDLESS. Mpira wake umefanywa laini ili usigande katika baridi kali. Katika joto letu hulainika kupita kiasi, hulika upesi, na gari huyumba. Theluji iko huku kwetu, lakini iko juu ya Rwenzori, na hakuna barabara ya Subaru kule.

Sasa wenzangu mtaniuliza, je, tairi gani basi? Nitajibu kwa kadiri nilivyojifunza kwa yule Mzee wa misheni, ambaye nilimwendea kwa aibu, na kwa vitabu.

Zipo tairi za mwendo wa kasi. Mpira wake ni laini, mabavu yake ni magumu, na usukani hujibu upesi. Juu ya lami nzuri ni tairi bora kabisa, hata katika mvua, zikiwa mpya. Lakini hulika mapema, na mawe ya murramu hukata meno yake. Zipo tairi za njia mbovu, zenye meno makubwa yaliyoachana. Hizo zafaa matope, lakini ni nzito, zina kelele, na juu ya lami yenye maji huchelewa kusimama. Kati ya hizo mbili ziko tairi za safari za kila siku, zenye mifereji mipana ya kutoa maji na mpira unaodumu. Kwa Impreza inayokwenda kazini siku tano na kijijini siku ya sita, hizo za katikati ndizo nizipendazo. Haziwavutii wapita njia, lakini zitasimama.

Baada ya ukubwa ziko namba moja na herufi moja, kama 91V. Namba ni uzito ambao tairi moja yaweza kubeba: 91 ni kilo 615, na 87 ni kilo 545. Herufi ni mwendo wa juu kabisa: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Hakuna barabara yetu inayoruhusu mwendo huo, lakini herufi yatuambia pia jinsi tairi inavyostahimili joto. Kwa hiyo tusishuke chini ya ile iliyokusudiwa na mtengenezaji. Tena kwa gari inayovuta kwa magurudumu yote manne, kama Subaru nyingi, tairi nne ziwe za namna moja na zilike kwa kiasi kimoja. Zikitofautiana kipenyo, gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika, zikapata moto na kuharibika. Anayenunua tairi mbili leo na mbili mwaka ujao ajue hasara imehamia mahali pengine.

Rimu nazo zina siri yake. Impreza nyingi za miaka ile zina matundu matano ya nati katika duara la milimita 100, lakini STI za tangu 2005 zina duara la milimita 114.3. Kijana akinunua rimu za STI kwa kupenda jina, huenda akafika nyumbani na rimu nne za kupamba ukuta.

Juu ya upepo nitasema neno moja tu. Kibandiko cha mlangoni huandika kwa kipimo cha kPa, na fundi wetu wa pancha hujaza kwa pauni. Gawanya kwa 6.9: 220 ni kama pauni 32. Upepo mdogo huikunja tairi mno, ikapata joto, ikapasuka.

Najua majibu yatakayonijia kutoka bwenini. Wa kwanza atasema, "Tairi pana hushika zaidi, ndiyo maana magari ya mashindano yanazo." Neno hilo lina ukweli wake juu ya lami kavu. Lakini na tuyatazame hayo mashindano vizuri. Safari Rally ya Kenya ilishindwa na Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote katika Impreza, na mwaka 2021 mashindano hayo yalirudi katika ubingwa wa dunia, yakifanyika huko Naivasha. Katika mashindano ya ubingwa huo, magari yakikimbia juu ya lami hufungwa rimu za inchi 18. Yakikimbia juu ya vumbi na mawe hufungwa rimu za inchi 15, na tairi zenye mabavu marefu. Bingwa hubadilisha tairi kwa sababu ya barabara. Sisi twataka barabara ibadilike kwa sababu ya tairi.

Wa pili atasema, "Wewe waongea kama mwana wa tajiri. Tairi mpya ni ghali." Huyu namheshimu zaidi, maana anasema kweli. Kaka yangu si tajiri, na baba yetu ni mkulima. Lakini fedha za rimu zile nyeusi zingenunua tairi nne mpya za 205/55R16 na chenji ingebaki. Haikuwa umaskini uliotufunga tairi kavu. Ilikuwa ni mpango mbaya wa fedha tulizokuwa nazo. Tena yuko njia nyingine ambayo vijana hawaitaji kwa kuona haya: kushuka badala ya kupanda. Impreza hiyo hiyo yenye injini ya lita 1.5 ilitoka kiwandani na tairi za 195/65R15. Kipenyo chake ni milimita 634.5, karibu sawa kabisa na cha kwanza, lakini ubavu wake ni milimita 126.75. Na tairi ya inchi 15 kwa kawaida bei yake ni ndogo.

Hivyo ndivyo alivyofanya kaka. Aliuza rimu nyeusi kwa hasara. Akamwomba fundi ahakikishe kwamba rimu za inchi 15 hazigusi breki zake, kisha akanunua tairi nne mpya, za namna moja, 195/65R15 91V, na akasoma tarehe kabla ya kutoa fedha. Wenzake Kampala humcheka kwamba gari yake sasa ni kama ya katekista. Yeye huwajibu kwamba katekista hufika.

Mwezi uliopita tulipita tena katika mteremko ule, na mvua ilikuwa ikinyesha. Kaka alipunguza mwendo mapema, na gari ikageuka pale ilipoambiwa igeuke. Hakuna aliyesema neno. Mbele kidogo tulimkuta yule bwana wa maziwa, anachechemea bado, akisukuma baiskeli yake. Tulisimama tukamsalimu. Alitusalimu vizuri, kisha akazitazama tairi zetu kwa muda mrefu kabla ya kuendelea na njia yake.

Ndugu zangu wasomaji, siku moja nanyi mtasimama mbele ya duka la tairi na fedha zenu mkononi. Muuzaji atawaonyesha zinazong'aa. Chuchumaeni kwanza, msome ubavuni. Ni kazi ya dakika moja, na huenda mtu msiyemjua akarudi nyumbani kwa miguu yake miwili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita
(Fizikia, Kemia na Hisabati)